Mzazi Anaporudi Chuoni



Miongoni mwa barua zilizotufikia miezi hii iko moja tuliyoisoma zaidi ya mara mbili, kisha tukaiweka kando ya meza yetu, kwa kuwa hatukupenda kuijibu kwa haraka. Aliyeiandika ni mama mmoja, mwalimu wa shule ya sekondari, mwenye mume na watoto. Shahada yake ya kwanza aliipata zamani kidogo, kabla ya kuzaliwa mtoto wake wa pili. Sasa moyo wake unamvuta kurudi chuo kikuu kusoma shahada ya pili, na asome huku akiendelea na kazi yake na nyumba yake. Maana hawezi kuuacha mshahara, wala hana moyo wa kuwaacha watoto. Mumewe hakumkataza, lakini wala hakumridhia. Kila akilitaja jambo hilo, mume humjibu kuwa elimu aliyo nayo yatosha, na kwamba mtu mzima kukaa dawatini ni kujitafutia tabu isiyo na mshahara. Mama huyu anatuuliza maswali mawili: Je, anakosea kutamani? Na je, jambo lenyewe lamkinika?

Sisi si mamufti. Lililo la hukumu za dini na haki za mke na mume, na alipeleke kwa sheikh anayemwamini. Lakini swali hili si la mama huyu peke yake. Twawajua kinababa walio katika hali hiyo hiyo, na vijana ambao mwaka huu wamevaa joho la shahada ya kwanza na kesho watauliza kama yeye. Basi tumeona yafaa tulijibu hapa, mbele ya wote.

Kwanza tuanze na haya. Watu wengi wanaona haya kurudi kusoma ukubwani. Wanadhani elimu ni kama meno ya utotoni, ina wakati wake, na wakati ukipita haina tena pa kuota. Lakini dhana hii haikutoka kwetu. Amri ya kwanza aliyoteremshiwa Mtume wetu (s.a.w.) ilikuwa ni amri ya kusoma, na siku aliyoteremshiwa hakuwa mtoto, alikuwa mtu wa miaka 40, mwenye mke na watoto. Na masahaba waliomzunguka, walio wengi waliianza elimu yao wakiwa na ndevu, na mashamba, na madeni, na watoto wa kulisha.

Tazameni khabari ya Sayyidna Umar bin Khattab (r.a.), ambayo imepokewa katika Sahihi Bukhari. Yeye alikuwa akikaa upande wa juu wa Madina, mbali na msikiti wa Mtume, na alikuwa na shughuli za kuendesha maisha yake. Hakuweza kuhudhuria kila siku. Basi akapatana na jirani yake, mtu katika Ansari, wapokezane: leo mmoja ashuke mjini, kesho ashuke mwenziwe, na anayerudi jioni ampe mwenziwe khabari za Wahyi na za mengineyo yaliyopita. Na wakati huo Sayyidna Umar hakuwa kijana mdogo. Binti yake, Bi Hafsa, alikuwa mke wa Mtume. Mkwe wa Mtume mzima anasoma kwa zamu na jirani yake! Hii ndiyo elimu ya mtu mwenye kazi: siku moja darsani, siku moja shambani, na asichokihudhuria akakipokea kwa mwenziwe.

Na karibu zaidi na sisi, katika pwani hii hii, yuko Sayyid Ahmed bin Sumait, aliyezaliwa Ngazija mwaka 1861 na kufariki Unguja mwaka 1925. Ujanani mwake alisafiri baharini, kisha akashika elimu, hata akawa kadhi wa Unguja zama za Sayyid Barghash, naye angali kijana. Mtu aliyekwisha kuwa kadhi, anayesimamiwa na watu akipita, ana haja gani tena ya kukaa chini kusomeshwa? Lakini katikati ya miaka ya 1880 aliiacha kazi ile, akasafiri hadi Istanbul, akafika Misri na Makka, akawatafuta wanavyuoni na kukaa mbele yao kama mwanafunzi. Kisha akarudi Unguja, akashika tena ukadhi, na jina lake likavuka bahari. Kwenda kwake kusoma mara ya pili hakukumshusha cheo.

Na lau tutaingia misikitini mwetu baina ya Magharibi na Isha, tangu Lamu mpaka Kilwa, tutaona nini? Tutamwona seremala, na mvuvi, na mwuza duka, na karani wa serikali, wote wamekaa jamvini na kitabu kimoja, wakikifuata ukurasa kwa ukurasa, na kukikhitimu huwachukua miaka. Hakuna anayewacheka. Mbona basi tumcheke mwalimu anayebeba mkoba wake kwenda chuo kikuu baada ya kazi?

Ulimwengu wa vyuo vikuu ulichelewa kidogo kulitambua jambo hili, lakini uliutambua. Mwaka 1858 Chuo Kikuu cha London kilifungua mlango kwa watu wasioweza kukaa chuoni, wakasoma kwao walikokuwa na kuufanya mtihani ule ule. Makerere yetu, tangu mwaka 1949, ilikuwa ikiwatayarisha wanafunzi wake kwa shahada za London, hata kilipoundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki mwaka 1963. Huko Uingereza, mwaka 1969 kiliundwa Chuo Kikuu Huria, na wanafunzi wake wa kwanza wakaanza masomo mwaka 1971, wengi wao watu wazima wenye kazi, wakisoma kwa vitabu vilivyoletwa na posta na kwa mafundisho ya redio na televisheni.

Kwetu nako mambo hayakulala. Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya Chuo Kikuu Huria cha Tanzania mwaka 1992, chuo kikaanza kazi mwaka 1993, na makao yake makuu yako Kinondoni, Dar es Salaam, nacho kina vituo mikoani. Mwanafunzi wake husoma nyumbani, hukutana na walimu kwa nyakati zilizopangwa, na mtihani huufanyia kituo kilicho karibu naye. Uganda, Makerere ilianza masomo ya shahada kwa walio nje ya chuo mwaka 1991. Kenya imetoa hati ya Chuo Kikuu Huria chake mwaka 2023. Na vyuo vingine vingi sasa vina madarasa ya jioni na ya mwisho wa juma. Basi mlango uko, tena si mmoja.

Na mtu akitaka mfano wa subira katika jambo hili, amtazame Nelson Mandela wa Afrika Kusini. Shahada yake ya kwanza alikwisha ipata, akaanza masomo ya sheria huko Witwatersrand mwaka 1943. Hakuyamaliza. Siasa ikamchukua, kisha jela ikamchukua. Akiwa kifungoni aliyashika tena kwa njia ya posta, akayaacha, akayarudia. Na shahada ya sheria akaipata mwaka 1989 kutoka Chuo Kikuu cha Afrika Kusini, angali mfungwa, na umri wake miaka 70. Tangu kuanza hadi kumaliza ni miaka 46. Je, sisi tulio huru, tuna haki ya kusema kuwa wakati umetupita?

Hilo ndilo jibu letu la swali la kwanza: hukosei kutamani, ewe mama. Lakini tamaa njema pekee haitoshi. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na kabla ya kuinama ni vizuri ajue mvungu una kina gani. Tuje basi kwenye swali la pili, ambalo ndilo gumu.

Tuanze na hesabu, maana wengi wanaingia bila ya kuhesabu. Masomo ya vyuo vikuu hupimwa kwa vipimo maalumu, na katika utaratibu wa Tanzania, kama ulivyo wa Uingereza, kipimo kimoja ni sawa na saa 10 za kazi ya mwanafunzi: kuhudhuria darasa, kusoma, kuandika na kujitayarisha kwa mtihani, vyote pamoja. Shahada ya uzamili huhitaji vipimo 180. Kwa hiyo mbele yako ziko saa 1,800. Saa hizi hazimjali tajiri wala maskini. Kila mmoja hudaiwa zile zile.

Sasa utazipata wapi? Tuseme umejipangia saa moja na nusu kila baada ya sala ya Alfajiri, siku 5 za kazi. Hizo ni saa 7 na nusu. Siku ya Jumamosi ukasoma saa 4 na nusu. Jumla ni saa 12 kwa juma. Mwaka una majuma 52. Toa 7 kwa ajili ya Ramadhani, Idi, maradhi, harusi na maziko, maana sisi si watu wa kujifungia milango jirani anapofiwa. Yanabaki majuma 45, nayo yatakupa saa 540. Gawa 1,800 kwa 540, utapata miaka 3 na miezi 4. Na ukitaka kumaliza kwa miaka 2, sharti upate saa 20 kila juma. Haba na haba hujaza kibaba, lakini lazima kwanza uwe na kibaba mkononi ukijue ukubwa wake. Aghalabu ya wanaoshindwa hawashindwi kwa upungufu wa akili. Wameshindwa kwa sababu waliahidi saa 20 na nyumba ina saa 12 tu za kutoa.

Hapa tutasimama kidogo tuwaeleze khabari yetu wenyewe, ijapokuwa si ya kujisifu. Sisi pia tulirudi chuo kikuu ukubwani. Tulikuwa na kazi ya mchana, na masomo yalikuwa jioni, siku 4 kwa juma, tangu saa 11 mpaka saa 2 na nusu usiku. Magharibi tulikuwa tukiiswali katika ujia wa jengo, watatu au wanne, kisha tukirudi darasani na miguu ingali mibichi ya udhu. Tukijiona tumefanya jambo kubwa. Na ahali yetu tulimwarifu siku tuliyokwisha lipa ada. Twasema tulimwarifu, hatukusema tulimshauri. Baina ya maneno haya mawili pana safari ndefu, na sisi hatukuijua mpaka tulipokwisha ikosa njia.

Tulikuwa na mtoto wa miaka 9, aliyekuwa akihifadhi Kurani. Juzuu ya Amma alikwisha imaliza, ameingia Tabaraka. Desturi ya nyumba yetu ilikuwa kila baada ya Magharibi akae mbele yetu asome alichohifadhi, nasi tumsikilize na kumsahihisha. Tulipoanza masomo, desturi ile ikakatika. Tulidhani mtoto ataendelea mwenyewe, kwa kuwa maalim wake yuko na msahafu wake uko.

Ukapita muhula mzima. Ijumaa moja, baada ya sala, maalim wake alitusimamisha mlangoni mwa msikiti. Hakutulaumu. Alitueleza tu kwamba mtoto alimwomba ruhusa ya kubaki chuoni kwake jioni, wenziwe wakishaondoka, ili apate mtu wa kumsomea, maana nyumbani hakuna anayemsikiliza. Na alichokihifadhi mwanzo wa mwaka kilikuwa kimeanza kumtoka.

Ndugu wasomaji, siku ile tulikuwa na karatasi mkobani iliyosahihishwa na mwalimu wetu wa chuo kikuu, yenye alama nzuri kuliko zote tulizowahi kuzipata. Tuliisahau. Baba yuko chuo chake, mwana yuko chuo chake, na baina ya vyuo viwili hivi nyumba imekaa kimya. Tulifika nyumbani, tukakaa na ahali yetu, tukamwomba radhi, kisha tukamwuliza lile ambalo tungemwuliza tangu mwanzo: tufanye nini? Kwa mara ya kwanza alitueleza kuwa miezi ile yote yeye ndiye aliyekuwa akienda mikutano ya shule, akipeleka wagonjwa hospitali na kupokea wageni wetu, na kwamba hakuchoka na kazi, alichoka kutoulizwa.

Tukapunguza masomo. Badala ya siku 4 tukachukua 2, na shahada iliyokuwa iishe kwa miaka 2 ikachukua 3 na zaidi. Kusoma kwetu tukakuhamishia baada ya Alfajiri. Jioni ambazo hatukuwa na darasa zikarudi kuwa za mtoto: sisi na kitabu chetu, yeye na msahafu wake, juu ya mkeka mmoja; akimaliza yeye tunamsikiliza, akisha lala tunarudi kwenye kitabu. Alikhitimu Tabaraka kabla sisi hatujakabidhi tasnifu yetu, na hatukuona haya kushindwa naye. Wale wenzetu wa darasani waliotutangulia kupata joho hatukuwahusudu.

Kutokana na hayo, na kutokana na tuliyoyaona kwa wengine, twataka kumpa mama huyu, na kila aliye kama yeye, nasaha chache.

Kwanza ni nia. Jiulize, ukiwa peke yako: waitakia nini shahada hii? Wako wanaotaka kuzama zaidi katika kazi wanayoifanya, kama mwalimu anayetaka kujua namna bora ya kumfundisha mtoto mzito wa kuelewa. Wako wanaotaka kubadili njia, kwa kuwa ile ya kwanza walichaguliwa na wazee au na alama za mtihani. Wako wanaotaka kupandishwa daraja kazini, na kutafuta riziki ya halali nako si aibu. Lakini wako pia wanaotaka tu jina lao liongezwe herufi, ili wasiachwe nyuma na jirani. Huyu wa mwisho twamwonea huruma, kwa kuwa saa 1,800 ni nyingi mno kuzitoa kwa ajili ya jirani. Na anayetaka kupanda daraja, na aulize kwanza kazini kwake, kwa maandishi, kama shahada hiyo inatambuliwa katika muundo wa kazi yake. Wako waliosoma miaka mitatu wakaja kuambiwa kuwa haikuwa ile iliyotakiwa.

Pili ni chuo chenyewe. Si kila kilichotundika kibao ni chuo kikuu. Kwa Tanzania, mwulizaji aiendee Tume ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2005. Kwa Kenya iko Kamisheni ya Elimu ya Vyuo Vikuu, na Uganda iko Baraza la Taifa la Elimu ya Juu. Huko utajua kama chuo kimesajiliwa na kama masomo unayoyataka yameidhinishwa. Kuuliza ni kazi ya siku moja. Kutouliza huenda kukawa majuto ya miaka. Tena uliza mambo madogo ambayo watu huyapuuza: darasa la mwisho latoka saa ngapi, na usafiri wa kurudi upo? Wakati wa Magharibi kuna nafasi ya kuswali? Ukipatwa na uzazi au maradhi, wawezaje kusimamisha masomo na kuyarudia, na yale uliyokwisha faulu yatahesabiwa kwa muda gani?

Tatu ni mali. Ada za shahada ya pili aghalabu hulipwa na mtu mwenyewe, na hapa ndipo shetani hupata mlango. Mtu huona mkopo wa riba uko karibu na akiba iko mbali, akauendea ule ulio karibu. Sisi twasema: ikiwa chuo chako kinakubali kulipwa kidogo kidogo, basi soma kidogo kidogo kwa kadiri ya unavyolipa. Wako kinamama waliosomeshwa na upatu: kumi wamekutana, kila mwezi mmoja anapokea, na zamu yake mwenye masomo wameipanga iangukie mwanzo wa muhula. Wako waliouza kiwanja walichokuwa hawana haja nacho. Wako waliokawia mwaka mmoja wakaweka kwanza. Kukawia mwaka mmoja ukasoma bila ya deni ni bora kuliko kuanza leo na kuamka kila mwezi ukikimbia simu ya anayekudai.

Nne ni uaminifu, na hili twalisema kwa uchungu. Mtu mwenye kazi na watoto huchoka, na mchovu hushawishika. Siku hizi wako watu wanaouza tasnifu kama wanavyouza mandazi, na iko mitambo ya kompyuta ambayo ukiiuliza swali yakuandikia kurasa kumi kabla chai haijapoa. Mitambo hiyo ina matumizi yake mema, nasi hatusemi mtu asiijue. Inaweza kumfafanulia neno asilolielewa au kumwonyesha pa kutafuta kitabu. Lakini kuichukua kazi isiyo yako ukatia sahihi yako ni uwongo, na mshahara utakaopandishwa kwa uwongo huo utaingia nyumbani kila mwezi na kulishwa watoto. Afadhali shahada moja ya jasho kuliko mbili za hila.

Tano ni jirani wa Sayyidna Umar. Usisome peke yako. Tafuta mmoja au wawili mliojiandikisha pamoja, mpeane zamu. Mtoto wako akiwa mgonjwa, mwenzio ahudhurie na akuletee yaliyosomwa. Akifiwa yeye, ukamfanyie vivyo hivyo. Wanaosoma kwa njia ya huria, mbali na chuo, hili kwao ni jambo la lazima, kwa kuwa adui yao mkubwa si ugumu wa vitabu, ni upweke. Kitabu huwekwa kando siku moja, kisha juma moja, kisha mwaka.

Sasa twageuka kwako wewe baba, mume wa mama huyu, ikiwa gazeti hili litafika mkononi mwako. Hatukujui, wala hatutaki kukushitaki mbele ya watu. Huenda unachokiogopa si elimu ya mkeo. Waogopa nyumba kupoa. Khofu hiyo ni ya haki, nasi tumekwisha kukusimulia jinsi yetu ilivyopoa, na aliyeipoza alikuwa mwanamume. Lakini twakuomba utazame: mkeo hakuondoka. Ametaka ruhusa, ametaka shauri, ametaka mwenzi wa kuifanya naye hesabu. Sisi tulikuwa na elimu lakini tulikosa adabu hiyo. Mtume wetu (s.a.w.) imepokewa kuwa alikuwa katika kazi za watu wa nyumbani kwake, na sala ikifika akatoka kwenda kuswali. Ikiwa yeye hakuona vibaya, sisi tunaona vibaya kwa lipi kumwogesha mtoto na kumpakulia chakula jioni mbili kwa juma? Keti naye. Chukueni karatasi, andikeni saa 12 zitatoka wapi, na nani atafanya nini. Mkiona hazipatikani mwaka huu, basi ngojeni mwaka ujao, lakini lingojeeni jambo hilo nyote wawili, asilingojee yeye peke yake.

Na nanyi vijana, msidhani makala haya hayawahusu. Mwenye shahada ya kwanza leo, asikimbilie ya pili kwa kuwa tu kazi haijapatikana. Aghalabu miaka miwili mitatu ya kazi, hata ndogo, ndiyo itakayomfundisha ni shahada gani anaihitaji. Na yule ambaye mama yake au baba yake amerudi chuoni, asimcheke. Mfundishe kutumia kompyuta, bila ya kuguna anapouliza mara ya tatu. Yeye alikufundisha kuzifunga kamba za viatu, wala hakuhesabu mara ngapi.

Basi, ewe mama, jibu letu kwa ufupi ni hili. Kutamani hukukosea. Jambo lamkinika, lakini kwa kadiri ya nyumba, si kwa kadiri ya hamu. Usianze mpaka mumeo aijue hesabu na aridhike nayo. Na ukisha anza, tenga jioni zisizoguswa na kitabu cha chuo kikuu. Ukiona siku moja umepata alama nzuri lakini nyumbani hakuna aliyekusomea wala uliyemsikiliza, punguza mwendo. Chuo kikuu kitakungoja. Mtoto wa miaka 9 hangoji, mwakani atakuwa na miaka 10.

Mwenyezi Mungu atuzidishie elimu yenye manufaa, atupe riziki ya halali ya kuitafutia, azitie mapenzi na mashauriano nyumba zetu, na ajaalie tunachokisoma kiwe hoja yetu wala kisiwe hoja juu yetu. Amin.